Kipimo cha Shingo

Mundhir husoma mita za umeme, nyumba kwa nyumba,
Falaj al-Qabail mpaka ufukweni Sohar,
mwezi wa sita, saa sita, kivuli kimemkimbilia chini ya kiatu.
Nilimpa shati nikamwambia: livae siku tatu, usilifue.
Mama yake akanipigia simu.
"Thuwaiba, unamfunza mwanangu uchafu?"
Lakini mimi fundi, na jasho ndilo chaki yangu.

Siku ya nne nililitandaza mezani kama ramani:
chumvi imechora mwambao mweupe mgongoni,
visiwa viwili chini ya mabega, pale mkoba unapokaa,
na kwapani ziwa lililokauka.
Hapo nikajua pa kukata, pa kuacha wazi,
pa kutia marikani na pa kutotia kitu
ila upepo, kama upepo utakubali.

Maana hapa kuna pepo na pepo.
Kuna wa baharini, umelowa, unakuvaa kabla hujavaa.
Kuna gharbi, unaotoka jangwani umejitwika tanuri.
Na kuna ule usio na jina katika lugha zangu zote mbili,
unaovuka barabara kuu usiku kutoka kwenye mabomba marefu
ukaacha ladha ya sarafu ulimini.
Huo huushonei tundu la kupitia.
Huo hushonewa mlango.

Shati la kwanza lilikuwa na barakoa imening'inia kolani.
Mundhir alilirudisha limekunjwa vizuri, kwa adabu inayouma:
"Watu wananifungulia, kisha wanarudi nyuma.
Wanauliza nani kafa."
La pili, la kitambaa kinachong'aa kulikataa jua;
watoto wakamwita Sufuria.
La tatu sitaki kulizungumza.

Bibi, aliyezaliwa Wete na kuzeekea kwenye kiyoyozi,
alinitazama nikifumua, akasema nguo si dawa,
mtu hainywi kwa kufumba macho.
Nguo lazima uitamani.
Akaitoa kanzu ya marehemu babu, akaivuta furakha yake,
kile kishada cha nyuzi shingoni, kinachochovywa mafuta ya udi
ili mtu ainamishe shingo kidogo, anuse, aendelee na safari.
Ainamishe shingo. Anuse.
Mkasi ukaniponyoka.

Nikaipandisha kola vidole viwili,
ndani yake nikakunja kitambaa cha mkaa kati ya pamba mbili,
na kishada nikakifunga kwenye uzi:
hewa ikichafuka, mtu huvuta kishada chake, kola hupanda puani,
na anayemwona hudhani ananusa udi.

Kila jioni Mundhir huniletea kitambaa cha ndani.
Nakibandika ukutani kwa pini, natia tarehe.
Jumapili: chai ya maziwa.
Jumatano, kulipovuma vumbi: mdalasini.
Alhamisi haikuwa na vumbi, anga safi,
watu wamekwenda ufukweni kuchoma mishikaki:
kijivu, kijivu cha risasi ya penseli, kinachafua kidole.

Juzi aliingia mama mmoja, hajavua hata miwani ya jua,
akasimama mbele ya ukuta ule, akaupenda.
"Hiki cha kijivu, mita bei gani?"
Nilitaka kucheka. Nikachomoa pini, nikampa anuse.
Alikiweka puani muda mrefu kuliko nilivyotegemea,
akavua miwani,
akafungua mlango, akamwita mwanawe kutoka garini,
miaka saba, mfuko wa chipsi mkononi.

Sikuwa na ruwaza ya mtoto. Sikuwahi kuifikiria.
Nikapiga magoti, nikazungusha utepe shingoni.
Alicheka, nilikuwa namtekenya.
Inchi kumi na moja.
Nikaandika, nikaongeza nusu, ya kukua.